TAMBI ZA KUMUAGA TRINAH

Wajukuu zangu, bibi yenu sijawahi kumwogopa mtu yeyote katika mji huu wa Dubai!

Isipokuwa Auleria.

Na lifti ikikwama. Na mende wale wa kuruka.

Kwa hiyo siku hiyo, kelele zilipoanza, mimi shujaa nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jiko na kitunguu mkononi.

"Toka! Toka na vidudu vyako!"

"Dada Auleria, nakuomba... mimi siko mgonjwa! Hiki kikohozi ni cha baridi tu!"

"Khalas! Utalala balkoni mpaka waje wakuchukue!"

Godoro la Trinah likaburutwa. Begi lake likarushwa, likagonga kizingiti cha balkoni, zipu ikafumuka. Puu! Pakiti ya mukene ikapasuka. Mukene ni dagaa wakavu, na hawa mama yake aliwasaga mwenyewe, akamtumia kutoka Masaka.

Unga ukatapakaa sakafu nzima.

Wajukuu... ile harufu!

Edna akaziba pua kwa kanga. Mimi nikajizibia kitunguu, nikakiona manukato. Auleria akasimama katikati ya unga ule, miguu peku, akaendelea kufoka kama amesimama juu ya mawaridi.

Hilo lishikeni. Litieni mfukoni, tutalitoa baadaye.

Mlango wa kioo ukafungwa. Kacha! Ufunguo ukaingia kifuani kwa Auleria.

Trinah akabaki nje na blanketi moja, ametukodolea macho.

Na sisi tukabaki ndani, tunamtazama...

Ilikuwa ule mwaka wa pili wa korona, mwezi wa kwanza. Mlioko nyumbani mnadhani Dubai hakuna baridi. Haya, njooni Januari mlale balkoni ya ghorofa ya sita, Oud Metha, upepo unapita katikati ya nguo mbichi zilizoanikwa, halafu mtanisimulia.

Kwenye jengo letu walipatikana wagonjwa, tukafungiwa. Hakuna kwenda kazini, hakuna kwenda popote. Tulikuwa wanawake wanne, chumba kimoja na jiko lake.

Mimi, Kibibi wa Pangani, niliyekuja kulea watoto wa watu mpaka wakaota ndevu wakanisahau.

Edna wa Mbeya, mfagiaji wa kliniki.

Trinah, binti wa Kiganda, mlinzi, mpole hadi anaudhi.

Na Auleria wa Bukoba, yaya wa kichanga cha madam Afra. Mkataba wa chumba ulikuwa kwa jina lake. Kwa hiyo sheria ni yeye, polisi yeye, hakimu yeye.

Humo ndani tulikuwa na raha moja tu: kitu kitamu cha jioni. Leo visheti, kesho kashata, keshokutwa kaimati zimelowa shira. Tunakaa kwenye mkeka na chai ya maziwa, tunasahau kama kuna kufa.

Ila hakuna kutia mkono kabla Auleria hajaonja! Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba. Sufuria haitoki jikoni mpaka yeye achovye, afumbe macho, atoe hukumu.

"Bi mkubwa, iliki hii imekufa."

"Sukari umepima kwa kijiko cha sisimizi?"

"Hizi ni kaimati au gololi?"

Hajawahi kusifu chakula changu. Hata kwa bahati mbaya!

Na dagaa wa Trinah ndio hakuwataka kabisa. "Siku ukifungua uchafu huo humu ndani," alikuwa akimwambia, "utalala nao ngazini."

Sasa, Alhamisi ile Yekoniya, mlinzi wa jengo, naye Mganda, alikuja kugonga mlango.

"Majirani wamelalamika," akasema, barakoa mpaka machoni. "Humu kuna mtu anakohoa. Mnitajie ni nani. Jumamosi gari la karantini linakuja, mgonjwa mmoja anaondoka. Jumapili nawafungulia wengine, mnakwenda kazini. Mkificha, nafunga nyote!"

Hata hajamaliza, kidole cha Auleria kilishafika usoni kwa Trinah.

"Huyu!"

"Dada! Jumapili naanza lindo jipya Silicon Oasis! Arbab, bosi wangu, amesema nisipofika siku hiyo, khalas, viza anafuta!"

"Wakikupima wakakuta mzima, si utarudi?"

"Jumapili itakuwa imeshapita! Nitarudi wapi?"

"Utarudi Uganda."

Akacheka. Wajukuu, alicheka!

Dakika hiyohiyo ndipo godoro liliporuka, na mengine mmeshayasoma.

Tangu hapo Trinah akawa analishwa kama ndege wa tunduni. Sahani inasukumwa kwa mpini wa ufagio kupitia upenyo wa dirisha. Akinyoosha mkono kupokea, Auleria anampulizia kloroksi ya kusafishia choo vidoleni. Pshh! Pshh! Ngozi ikaanza kubabuka.

"Inauma, dada."

"Ikiuma ujue inafanya kazi."

Jioni hiyo nilipika kashata kwa hasira. Zikaungua. Zikawa nyeusi, chungu, hata mimi mpishi nilizionea haya.

Auleria akatafuna moja.

"Nzuri," akasema.

Nilikaribia kukaa kwenye jiko la moto.

Nzuri?!

Kesho yake, Ijumaa, Auleria ameinamia simu mbele ya jiko, maziwa yanaungua chini ya pua yake. Moshi mpaka darini! Edna akatoka bafuni mbio na sabuni kichwani.

"Dada Auleria, maziwa! Huisikii hiyo harufu?"

"Harufu gani? Acha umbea wewe."

Hapo ndipo nilipoingiza mkono mfukoni, nikalitoa lile mlilonihifadhia...

Unga wa mukene. Amesimama juu yake, hakukunja hata pua!

Nikaanza kuunganisha. Kashata chungu, eti nzuri! Shali shingoni mchana kutwa. Vidonge anavyovimeza amegeukia ukutani. Usiku jasho limemvaa, na nje Trinah anatetemeka.

Nikamvuta Edna jikoni.

"Pua imekufa," nikamnong'oneza.

"Pua ya nani tena, bibi?"

"Ya mwenye sheria."

Edna akatumbua macho. "Yaani ni yeye ndo..."

"Shhh!"

Maana Auleria alikuwa kwenye simu, sauti imelegea kama uji.

"Madam Afra, mimi mzima kabisa, wallahi. Mgonjwa ni Mganda mmoja, tumeshamtoa. Jumapili nakuja inshallah. Mtoto hajambo? Mwambie yaya wake amemkumbuka, akija atambusu mashavu yote mawili."

Kichanga cha watu kinasubiri busu hilo!

"Tumwambie Yekoniya sasa hivi," Edna akasema.

"Atatuamini nani? Mimi bibi wa darasa la saba, wewe mfagiaji, yeye mwenye mkataba. Atasema ana mafua, kesho tutalala balkoni watatu. Hapana, mwanangu. Huyu hatumsemi. Tutamwacha ajiseme."

"Vipi?"

"Si yeye ndiye mwonjaji wa nyumba?"

Jumamosi nikamwendea na sauti ya asali.

"Dada Auleria, mtoto wa watu anaondoka. Niruhusu nipike tambi tumuage."

"Pika. Ila asile kwenye vyombo vyetu."

Moyo gani huo, jamani!

Nikaingia kazini. Tambi nikazikaanga kwa samli mpaka zikapata rangi ya dhahabu. Tui la nazi sikutia, nikatia maji ya bomba. Mahali pa sukari nikatia chumvi, vikombe viwili vya chai, vimefurika. Mahali pa iliki... nikachukua ile pakiti ya mukene, na unga wake uliosalia humo nikaukung'utia wote sufuriani. Wote! Juu nikapanga zabibu, kwa adabu.

Edna machozi yanamtoka.

"Bibi, unapika au unazika?"

"Vaa barakoa, mwanangu. Leo tunamheshimu mgeni."

Trinah sikumwambia kitu. Alikuwa amekaa kwenye sakafu ya balkoni, paji la uso limegusa kioo, midomo imepasuka. Akaniuliza kwa ishara: leo? Nikamjibu kwa kichwa: leo. Akainamia magoti yake, akalia.

Ningeweza kumkonyeza. Sikumkonyeza. Mtoto yule uso wake ni dirisha, angecheka tu kidogo, kazi yangu yote ingemwagika. Kama ni ukatili, niandikieni huko chini, nitasoma nikiwa nakunywa chai.

Ngo! Ngo! Ngo!

Yekoniya. Glavu mikononi, barakoa mbili.

"Yalla, gari liko chini. Mgonjwa yuko wapi?"

"Yule pale," Auleria akasema, akachomoa ufunguo kifuani. "Na begi lake hilo hapo, usisahau hata kandambili. Sitaki alama yake humu."

Yekoniya akaliinua begi.

"Mwanangu Yekoniya," nikamwita. "Kwetu mtu hasindikizwi mdomo mkavu. Kijiko kimoja tu cha tambi."

"Jjajja, bibi yangu, mimi na tambi zako siku moja nitafukuzwa kazi." Macho yake yakatabasamu. "Haya, kimoja. Hapahapa mlangoni."

"Subiri. Sharti aonje kwanza mwenye ulimi wake."

Nikampakulia Auleria sahani inayofuka moshi. Akakaa kwenye mkeka kama malkia. Akachota. Akatia mdomoni. Akafumba macho...

Edna akanishika kanga.

"Mmmh!" Auleria akasema. "Bi mkubwa, leo umejitahidi."

"Kweli, dada? Sukari je?"

"Imezidi kidogo. Wewe na sukari mnajuana."

"Nisamehe. Na tui?"

"Tui zito! Nazi nzima hiyo, nimeijua tu."

"Na iliki? Nilikuwa na wasiwasi na iliki."

"Iliki ndiyo hasa! Inapanda mpaka puani!"

Edna akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

"Ongeza, dada. Kula."

Akaongeza! Akala kijiko cha pili, cha tatu, cha nne, zabibu zinamshuka kidevuni, na huku anamnyooshea Trinah kijiko kupitia kwenye kioo.

"Mwangalieni, anameza mate! Utamu huu Uganda utauota tu."

Hapa nasimama kidogo wajukuu, niwape somo lenu kabisa, maana huko mbele hakuna nafasi.

Ukitaka kumtupa mwenzako nje kwa sababu ananuka, hakikisha kwanza pua yako mwenyewe ingali hai. Na usimwonee mtu katika nyumba ambayo bibi kizee ndiye anayeshika mwiko.

Basi. Tuendelee.

Nikampa Yekoniya sahani yake.

Akateremsha barakoa ya kwanza. Akateremsha ya pili. Kijiko kilishafika mdomoni ndipo pua ikapata habari.

Macho yakamtoka pima!

"PFUUU!"

Tambi zikaruka mpaka kwenye viatu vyake.

"Banange! Jjajja! Hii nini? Ni mukene! Na chumvi... chumvi ya kulisha ng'ombe! Unataka kuniua?"

Nje ya kioo, Trinah akanyanyuka polepole, blanketi likamdondoka. Alimtazama Yekoniya, akaitazama ile sahani mapajani kwa Auleria, akaitambua rangi ya unga wa mama yake. Mkono wake uliobabuka ukapanda mdomoni.

Yekoniya akajifuta ulimi kwa glavu. Halafu naye akageuka taratibu. Akamtazama Auleria. Akaitazama sahani.

Ilikuwa imebaki robo.

"Nyabo Auleria..." Sauti imeshuka. "Wewe unakula nini hapo?"

Auleria alitutazama mmoja mmoja. Mimi na barakoa yangu. Edna na barakoa yake, haoni kwa machozi ya kicheko. Zile tambi zilizotemwa juu ya viatu.

Jasho likaanza kumchuruzika kutoka chini ya kilemba, na Januari ile!

Yekoniya akaliweka chini begi la Trinah. Akapandisha barakoa ya kwanza. Akapandisha ya pili. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekuuliza, nyabo. Hiyo sahani ina ladha gani?"

Kikohozi kikampanda Auleria kooni. Akakimeza. Akachota kijiko kingine, kimejaa, akakitia mdomoni mbele yetu sote. Akatafuna. Akatafuna...

Akajaribu kutabasamu.

"Iliki," akasema.