Pu ya Tatu

Jumamosi ndiyo siku ambayo mji mzima hukumbuka kwamba una nguo. Wiki nzima zimelala chini ya kitanda, zimekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, halafu ikifika saa nne ya Jumamosi kila mtu anasimama mbele ya meza ya dobi akigongagonga kwa kidole, utadhani yeye peke yake ndiye anayekwenda harusini.

Mpiga pasi wa duka lile aliwatazama wote kwa jicho moja, lile la dharau. Walimwita Wembe. Waliompenda walisema ni kwa sababu ya mstari anaousimamisha kwenye suruali. Waliowahi kubishana naye walijua ni ulimi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, aproni ya buluu iliyozungushwa kiunoni mara mbili, kitambaa cha njano kichwani, na ngozi ambayo mvuke wa miaka sita ulikuwa umeilainisha kama ya mtoto mchanga. Uzuri huo hakuwa na habari nao. Angeupatia wapi muda?

"Shangazi, huyu anasema shati lake lilikuja na vifungo saba."

"Vilikuwa vinne," akajibu shangazi yake, mwenye duka, bila kuinua macho kutoka kwenye furushi alilokuwa akilibandika namba.

"Umesikia, kaka. Hivyo vitatu kavitafute huko ulikolivulia."

Foleni ikacheka. Ndipo mlango ulipoziba.

Uliziba kwa shaba. Kitu kikubwa cha manjano, mdomo mpana kama beseni la kuogeshea mtoto, kiliingia nusu, kikagoma. Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamume: "Samahani jamani. Naomba mtu anivute."

"Asivutwe," Wembe akasema. "Rudi ulikotoka. Hapa tunafua nguo, hatufui mabomba."

"Si bomba, dada. Ni tarumbeta."

"Tarumbeta nalijua, mtu analishika kwa mikono miwili na bado anatembea. Hilo umeling'oa kwenye choo cha nani?"

Mwanamume akapiga goti, akajipinda, akaingia kwa ubavu. Alikuwa mrefu, shati jeupe la mikono mirefu, viatu vinang'aa, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na furushi la makoti begani. Badala ya kukasirika alikuwa akicheka.

"Linaitwa tuba. Ndilo kubwa kuliko yote kwenye bendi. Na haya ni makoti yetu, kumi na manne. Tunapiga kila Jumamosi jioni, kwa hiyo yatakuja kila wiki."

Wembe akafunua furushi. Makoti meupe, vifungo vya dhahabu, nyuzi za dhahabu mabegani. "Mmevaa hivi mkiwa na akili zenu?"

"Tukiwa nazo zote. Halafu mimi ndiye mpangaji mpya wa chumba cha juu."

"Juu ya wapi?"

Mwanamume akaelekeza kidole kwenye dari. Kilielekea palepale juu ya mashine ya pasi.

"Haya, Bwana Bomba," Wembe akasema. "Chukua namba yako, utupishe."

*

Jumatatu saa tatu asubuhi dari ilinguruma.

Pu.

Wembe akainua kichwa. Pu. Pu. Pu-pu. Kikapita kimya kifupi, kama mtu anayejifikiria, kisha kishindo kilekile kikaanza upya. Akadhani kitaisha. Hakikuisha. Saa nzima alisikiliza ng'ombe mwenye tumbo bovu akizungushwa chumbani, mpaka akachukua ufagio akagonga dari kwa mpini. Hatua zikashuka ngazi.

"Umeniita?"

"Nimekufukuza. Huo wimbo unaanza lini?"

"Umeshaisha mara kumi na tano."

"Kuimba je? Ule utamu wa wimbo uko wapi?"

"Utamu wanapiga wenzangu. Mimi napiga chini."

"Kwa hiyo watu wana nyumba nzima, mimi umeniletea msingi."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kilichomuudhi Wembe zaidi ni kwamba kicheko chenyewe kilikuwa kizuri.

Akawa anashuka kila siku baada ya mazoezi, kisingizio mkononi: kifungo kimelegea, soksi moja imepotea, anaomba pini. Siku asizoshuka alipiga simu, ngazi kumi na mbili zikiwatenganisha.

"Mrembo, leo nikupigie nini?"

"Nipigie kimya."

"Hicho sijajifunza. Chagua kingine."

"Basi nipigie ule ulioupiga jana, niuchukie vizuri. Wa juzi siujui, siwezi kuuchukia ipasavyo."

"Ule wa jana ndio nilioupiga juzi."

"Usiniambie! Mimi nilidhani ni lori linageuza."

Shangazi aliyasikia hayo, akaendelea kubandika namba. Wiki ya tatu, duka lilipofungwa jioni, Wembe alivaa gauni la kijani lenye mfuko mmoja, akavua kitambaa, akatembea na Bwana Bomba mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Wiki ya tano walikuwa wanashikana mikono. Masharti aliyatoa yeye.

"Wewe nakutaka. Bomba silitaki. Usiniite kwenye bendi, usinielezee noti, usiniambie eti siku moja nitalipenda."

"Siku moja utalipenda."

"Siku hiyo nitakuwa nimeharibika ubongo."

"Wangu, njoo Jumamosi hii tu. Usikie vyote pamoja."

"Nipande gari kufuata mateso ninayoletewa nyumbani? Hapana, mpenzi. Hapana kabisa."

Lakini kuna jambo ambalo Wembe hakuliona. Ile mashine ya pasi ya mvuke ilikuwa na kengele ya kumwambia mtu wakati wa kuinua kifuniko, na kengele hiyo ilikufa zamani. Miaka yote alihesabu kichwani: suruali nane, koti kumi na mbili, na koti ukilipitisha hapo umeliunguza. Sasa midomo yake ilikuwa imeacha kuhesabu. Mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu. Bwana Bomba alipoanza mzunguko, kifuniko kilishuka. Alipoumaliza, kifuniko kilipanda. Na makoti yalitoka yamenyooka kuliko wakati wowote.

Siku moja juu pakakatika katikati, mtu akakohoa, akaanza upya. "Aah, alikuwa amefika kwenye kupanda!" Wembe akafoka. Shangazi akamtazama. "Nini?" Wembe akauliza. "Namsema mteja."

*

Ilikuwa Ijumaa. Bwana Bomba alishuka kuchukua makoti ya bendi. Alikuwa amenyoa, amevaa lile shati jeupe, na mfukoni alikuwa na neno ambalo alikuwa amelifanyia mazoezi kwa siku nne, neno la kwenda kumwona shangazi kwa heshima zote. Wembe alikuwa ameupa mlango mgongo, simu imebanwa begani, anaongea na dada yake mkubwa.

"Sikatai, dada. Ni mpole, ananichekesha mpaka mbavu zinauma. Ila nikiulizwa mumeo anafanya kazi gani, niseme nini? Anajambisha shaba? Wenzangu wana waume mafundi umeme, madereva, mtu akitaja anatajika. Mimi wangu saa tatu asubuhi yuko juu, pu, pu, mashavu yamemvimba kama chura. Angekuwa hata karani wa ghala! Avae tai, akae kimya. Nitauficha wapi uso?"

Akageuka.

Bwana Bomba alikuwa ameshainua furushi. Uso wake ulikuwa mtulivu, na hilo ndilo lililotisha.

"Asante, dada," akasema.

Wiki nane alikuwa amemwita mrembo, mpenzi, wangu. Hilo *dada* lilimgonga Wembe kifuani kama mlango uliosukumwa na upepo.

"Subiri, mimi nilikuwa natania tu..."

Alishatoka. Na safari hii hakukwama mlangoni, maana hakuwa na tuba.

Wembe alimpigia jioni ile. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia asubuhi, ikakatwa. Akaandika ujumbe: *Umekasirika?* Akaona ni wa kijinga, akautuma hivyohivyo. Jibu halikuja.

Jumatatu saa tatu dari ilinyamaza. "Alhamdulillahi," Wembe akasema kwa sauti ili asikiwe. Jumanne, kimya. "Mtu anaweza hata kufikiri," akasema, ingawa hakuna alichofikiri. Jumatano mpiga ngoma wa bendi ndiye aliyeleta furushi la makoti. Alipoulizwa mwenzake yuko wapi, alisema hajui, akaondoka haraka kama mtu aliyeagizwa asiseme. Alhamisi Wembe alitandaza koti la kwanza, akashusha kifuniko, akainua sikio.

Akasubiri.

"Unanusa nini?" shangazi akauliza.

"Sinusi kitu."

"Koti, wewe! Koti!"

Kifuniko kiliinuka na moshi. Mgongoni pote palikuwa pamekaa doa la kahawia, pana kama sinia. Ndani ya kola kulikuwa na namba kumi na nne. Wembe alilijua koti hilo. Alilijua hata kwa mabega.

"Miaka sita hujaunguza hata leso," shangazi akasema taratibu. "Ulikuwa unahesabu nini?"

"Kumi na mbili. Kama siku zote."

"Ungehesabu ungeinua. Wewe ulikuwa unangoja kuhesabiwa."

Wembe akakaa juu ya mafurushi ya watu na kulia, huku akimtukana Bwana Bomba kwa kila jina alilolijua, na kila tusi likitoka limelowa.

"Mwanangu," shangazi akasema, "mtu unayemdharau hivyo, hulii hivyo."

*

Jumamosi saa tano alikwenda mwenyewe kwenye ukumbi ambako bendi hufanya mazoezi, makoti kumi na matatu kwenye viango vya nguo, la kumi na nne limekunjwa kwapani. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Kiongozi wa bendi, mwanamume mfupi mwenye masharubu yaliyochongwa kama kwa rula, alilifunua koti lililoungua, akatikisa kichwa.

"Usijali, dada. Hilo ni la mpiga tuba, na ameacha. Anarudisha chombo leo. Jumatatu anaanza kazi ya ukarani, ghalani kwa binamu yake. Ameshanunua na tai."

Wembe akamkodolea macho. "Tai?"

"Ya kijivu. Mbaya mno. Haya, vijana, tuanze!"

Bendi ikaanza. Kwa mara ya kwanza Wembe alisikia ule utamu wa wimbo alioambiwa, na alikunja uso. Matarumbeta madogo yalikuwa yakikimbia huku na huko kama kuku waliomwagiwa maji. Yalipanda, hayakuwa na pa kukanyaga, yakashuka bila kujua yanaangukia wapi.

"Simamisheni!" akapaza sauti.

Watu kumi na watatu wakageuka.

"Hapo si hivyo. Mnapanda na chini hakuna mtu! Hapo panatakiwa..." Akaona haya. Kisha akaacha kuona haya, maana hakuzoea. Akapiga mguu chini. "Pu. Pu. Pu-pu. Mnangoja. Pu, pu-pu, pu, pu. Ndipo mnapanda, yeye anashuka, na mwisho: pu, pu, *pu*!"

Mpiga ngoma akafunika mdomo.

"Umeukamata wote," kiongozi akasema polepole, "isipokuwa mwisho. Mwisho ni mbili. Karatasi nzima ina kumi na moja, wewe umetia kumi na mbili."

"Ni tatu! Nimeusikia wiki nane. Koti langu linaiva kwenye ile ya tatu."

"Ni mbili," ikasema sauti mlangoni. "Ile ya tatu ni kosa langu. Miaka miwili nagombezwa, mdomo haukubali."

Bwana Bomba alikuwa amesimama pale, tuba limemkumbatia, shingoni tai ya kijivu. Kiongozi hakuwa ametia chumvi; ilikuwa mbaya mno. Wembe alimtazama kuanzia viatu hadi tai.

"Vua hicho kitu."

"Uliomba tai."

"Niliomba ujinga. Mimi nikiomba ujinga, wewe unakwenda dukani kuununua?" "Nilikusema vibaya, na nilikusema kwa dada yangu, na nilicheka. Ulipoondoka nimekaa siku nane na masikio yangu mwenyewe. Hayana kitu ndani. Nimeunguza koti lako nikikungoja umalize."

Akamwonyesha. Bwana Bomba akalipapasa lile doa pana la kahawia.

"Hili hata kwa pazia halifai."

"Ni mgongoni. Wewe husimama mstari wa nyuma kabisa. Nani atauona mgongo wako?"

"Ukuta."

"Basi ukuta ukicheka, niambie, nitakuja niuseme."

Alijaribu kujizuia, na kile kicheko kizuri kikamtoka mpaka tuba lenyewe likaitikia. Akavua tai, akaiweka kwenye kiganja cha Wembe, akavaa koti lililoungua mbele ya wenzake wote.

"Hebu keti," akasema. "Usikie vyote pamoja, wangu."

Wembe akaketi kiti cha mbele, mikono imekunjwa kifuani, uso wa kumkagua mwizi. Bendi ikaanza. Safari hii matarumbeta yalipopanda, chini palikuwa na mtu. Alisikia jinsi ile pu aliyoitukana ilivyowabeba wote kumi na watatu mgongoni, bila hata mmoja kugeuka kushukuru. Mwisho ukafika: pu, pu. Mbili safi, kama karatasi inavyotaka. Kiongozi akatabasamu chini ya masharubu.

"Mmeniibia," Wembe akasema. "Ya tatu iko wapi?"

Kiongozi akamtazama mpiga tuba wake, akatazama dari, akainua mabega. "Mpe huyo dada pu yake, turudi kazini."

Pu.

Wembe akafuta macho kwa ile tai ya kijivu; hatimaye ikapata kazi.

"Wimbo mbaya," akasema. "Makoti ya kichekesho. Rudieni."

"Kwanza nijibu," Bwana Bomba akasema juu ya ule mdomo wa shaba, mashavu bado mekundu kwa kupuliza. "Nije lini kwa shangazi yako? Kwa heshima, na wazee wangu."

"Jumapili ijayo saa nne. Na hilo bomba usiliache."

"Mlango wenu mwembamba, mrembo. Nitakwama."

"Utakwama," Wembe akakubali. "Nitakuvuta."