Nilivua Buti Mlangoni kwa Mteja, Nikavunjika Mguu

Mguu wangu wa kushoto uko kwenye plasta mpaka gotini, na msimamizi wangu amesimama pembeni ya kitanda ananipa fomu na kalamu...

Nikasoma fomu. "Fundi alivua buti za kazi kwa uzembe wake mwenyewe, akateleza."

Uzembe wangu!

Jamani, nisikilizeni. Sisi ni mafundi wa intaneti, tunaingia majumbani mwa watu. Huyu msimamizi tunamwita Mzee wa Adabu, maana kila asubuhi wimbo wake ni mmoja: usimchafulie mteja sakafu, vua buti mlangoni. Ukibisha hupangiwi kazi wiki nzima.

Basi nikavua. Nikapanda ngazi za vigae na soksi, waya begani, ngazi zenyewe zimetoka kupigwa deki. Nilishuka zote kwa mgongo.

Nikisaini, kampuni inajitoa kwenye matibabu, na daktari kashasema bila upasuaji nitachechemea maisha yangu yote. Nisiposaini, kazi sina.

Halafu nikaona sahihi ya shahidi. Mwenzangu, yule yule aliyenibeba mpaka kwenye gari!

Nilitukana. Msaliti, mnafiki, nilimpa majina yote niliyokuwa nayo. Mzee wa Adabu akasubiri nimalize, wala hakukunja uso.

"Mwaka jana hukusema hivyo."

Akatoa fomu nyingine kwenye mkoba. Ya fundi aliyeanguka kabla yangu, akaachishwa kazi. Maneno yale yale, uzembe wake mwenyewe. Na shahidi aliyesaini...

Mimi.

Sitawadanganya kwamba sikuisoma. Niliisoma yote. Nilijua aliambiwa avue buti kama sisi wote, nikasaini kwa sababu niliogopa kufukuzwa. Hasira yote niliyokuwa nayo ikanirudia mwenyewe.

Nikairudisha kalamu bila kusaini. Alipotoka tu, nikampigia yule fundi.

"Nilisaini uongo juu yako. Nitalisema hilo mbele ya yeyote, hata wakinifukuza."

Nikamsimulia na ajali yangu, akaniuliza:

"Umevunjika mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Mimi wa kulia. Tukienda kushtaki, jozi imetimia."

Nikacheka huku nalia, wagonjwa wenzangu wananishangaa.

Ndugu msomaji, ukiletewa fomu ya mwenzako usaini, andika ulichokiona au uache. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilimshikia kinyozi wembe.