Tambi kwenye Meza ya Kukatia

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na mawingu mazito yalikuwa yametanda. Fundi wa suti za wanaume alikuwa amekwenda kununua uzi. Dukani walibaki binti zake wawili. Dada mkubwa alikuwa akishona vifungo. Mdogo, aliyeitwa Kibiriti kwa wepesi wake wa kuwaka, alikuwa akila tambi za pakiti kwenye meza ya kukatia.

“Baba amekataza chakula hapo,” dada alisema.

“Uchu hauna adabu, dada. Hebu niambie, kwa nini wanaume huvaa rangi za mawingu tu? Kijivu, kijivu iliyochoka, na kijivu ya msibani.”

“Maliza, uondoke.”

“Siondoki. Baridi iko uani, si hapa.”

Alipovuta tambi ndefu, bakuli lilipinduka. Mchuzi wenye mafuta ulimwagikia koti la kijivu la dereva wa lori lililolazwa mezani, chini kidogo ya kiuno. Dereva huyo alikuwa anamwoza bintiye kesho yake. Kibiriti alifuta haraka, kisha akapiga pasi ya moto ili pakauke. Doa likazidi kukolea.

Dada alishika kichwa. “Tuseme kitambaa kilikuja hivyo. Nani atabisha?”

“Mimi,” Kibiriti alijibu. “Nimekataa amri ya baba, na uongo wako naukataa pia.”

Muda si mrefu, baba aliingia pamoja na dereva, aliyekuja kujaribu koti. Dereva aliona doa, akaliinamia na kulinusa. Kibiriti alisimama mbele yake.

“Shikamoo, mzee. Doa ni langu. Nilikula tambi hapa, nikamwaga mchuzi, kisha nikapiga pasi.”

“Marahaba,” dereva alisema polepole. “Sasa kesho nimkabidhi mwanangu nikiwa nanuka pilipili?”

“Nilikukataza,” baba alisema.

“Ulinikataza, baba. Kupenda tambi si kosa, na hilo siliombei radhi. Kosa langu ni kuzila hapa. Naomba radhi, mzee.”

“Mdomo anao huyu,” dereva alisema, lakini uso wake ulilegea. “Fundi, litavalika?”

Baba alilipeleka koti mlangoni penye mwanga. “Mafuta yaliyopigwa pasi hayatoki kwa sabuni. Nisingeambiwa habari ya pasi, ningesugua hadi kesho na kuharibu kitambaa. Kipande cha kitambaa hicho kilibaki. Nitabandika mifuko miwili mikubwa, kulia na kushoto, nalo doa litafunikwa.”

“Mifuko mikubwa naipenda,” dereva alisema. “Bandika.”

Baba aliwageukia binti zake. “Doa lingefichwa, mzee angekosa koti. Ukweli umeniachia muda wa kutengeneza. Nawe Kibiriti, ubishi wako ni mali unapokataa uongo. Unapokataa kanuni za kazi, hasara humwangukia mtu mwingine, ambaye hata tambi hakuonja.”

“Hilo nalikubali,” Kibiriti alisema. “La tambi bado.”

Dereva alikunywa chai akasubiri. Baba alishona mifuko, na jioni dereva akaondoka na koti lake. Dada alimwomba baba msamaha kwa uongo aliotaka kuusema, kisha akarudi kwenye vifungo vyake. Kibiriti alisugua meza yote kwa sabuni, akapika pakiti nyingine, akaila uani, amesimama, mvua ikimnyeshea.