Kisigino cha Kulia

"Afande! Afande Filimbi!"

Mwanamke mwenye furushi la magauni alipasua umati wa soko, akamrukia shingoni. Askari wa gereza la wanawake alikuwa amevaa kiraia siku hiyo, gauni la njano na viatu virefu alivyovinunua kwa kiburi. Kisigino kimoja kikasema ka! kikaaga dunia.

"Jamani, huyu alinifungia mlango miaka miwili!" mwanamke akawatangazia wauza vitunguu. "Na ndiye aliyenifundisha kushona. Leo nina cherehani yangu!"

Afande akacheka huku machozi yakimlenga. Kazi yake ilikuwa ya matusi, harufu ya dawa ya choo na sikukuu zisizo na likizo. Lakini siku kama hii ilimlipa malimbikizo yote.

"Dada, kiatu kimeomba likizo," fundi viatu akasema kutoka kibandani. "Kilete nikinyime."

Alikuwa na mikono mizuri na mdomo usiofungwa. Wiki ya tatu alikuwa akimwita Afande wa Moyo. Mwezi wa tatu alizitaka buti zake za kazini.

"Mchumba wa fundi apige gwaride na buti zilizochoka? Watanicheka, mpenzi."

"Nani kakwambia mimi mchumba wako?"

"Hizo buti zitakwambia."

Basi ikawa desturi. Ijumaa anaziacha, Jumamosi asubuhi anazichukua, zimegongwa kisigino kipya. Getini askari hupekuliwa mifuko tu; nani amvue mwenzake buti? Ndani, kabla ya gwaride, maafande huzivua barazani zikang'arishwe na mfungwa aliyeaminiwa, mmoja waliyemwita Kimya kwa sababu hata chafya aliipiga kwa adabu.

Kisha msako ukaibua simu ndogo kama kidole, chini ya ndoo ya stoo. Mwenyewe hakupatikana. Lawama ikamwangukia Mama Pacha, askari wa getini aliyekula sahani moja na Afande Filimbi miaka tisa. Akasimamishwa kazi.

"Kuna msaliti kati yetu," Afande Filimbi alifoka kuliko wote. "Nikimjua, nitamvua magwanda kwa mikono yangu!"

Jumamosi iliyofuata, amekwisha kuzichukua na kuzivaa, akishuka ngazi za nyumba yake kwenda kazini, buti ya kulia ililia kama kopo. Akarudi jikoni, akachokonoa kisigino kwa kisu cha mboga. Kikabanduka. Ndani palichongwa shimo safi, kazi ya fundi hasa, na ndani ya nailoni kulikuwa na simu nyingine ndogo kama kidole, laini yake na kikaratasi: *Dada Kimya, mama anakusalimu. Piga Jumapili.*

Akaketi sakafuni. Akampigia fundi simu.

"Afande wa Moyo! Buti zimekukaa?"

"Zimenikaa. Kisigino cha kulia kizito kidogo."

Fundi akadakia haraka: "Usikifungue. Nakuja."

"Usije. Niambie hapo hapo. Kimya ni nani yako?"

"Dada yangu. Tumbo moja." Akavuta pumzi. "Mama hawezi kutembea, mpenzi. Alitaka sauti ya mwanawe tu."

"Ofisi yetu ina simu ya wafungwa. Ungeniomba, ningemwombea zamu."

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa ya kificho. Wewe nisingekukataa."

Upande wa pili nyundo ilidondoka, au labda mtu.

"Jibu moja tu," Afande akasema. "Ulinipenda kabla ya kuchonga hilo shimo, au baada?"

Mtu mwongo angejibu upesi. Fundi alikawia.

"Baada," akasema. "Siku ya kwanza nilisikia 'Afande', nikamfikiria dada. Mapenzi yalikuja yenyewe, yakanikuta nimeshaharibu. Nina pete hapa, wallahi. Nioe, nikuoe, vyovyote!"

Afande alicheka, maskini; mtu huweza kuchekeshwa na mkono ule ule unaomchoma. Angeweza kuutupa ule mzigo chooni, akavuta maji, akawa bibi harusi. Mama Pacha angebaki nyumbani na jina la msaliti.

Akakata simu.

Saa tatu asubuhi alisimama soksi tupu mbele ya mkuu wa gereza, buti na vitu vyote juu ya meza. "Mama Pacha arudishwe, mkuu. Aliyeingiza ni mimi. Sikujua, lakini miguu ilikuwa yangu."

Mkuu alimtazama mpaka wino wa kalamu ukalowesha karatasi. "Utasimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Na fundi?"

Akamtaja, na kibanda, na rangi ya mlango. Kila neno lilitoka kama jino.

Barazani, ndala za kuazima miguuni, simu ikaita. Akapokea.

"Umesema?" fundi akauliza.

"Nimesema."

"Nikimbie?"

"Hapana. Kaa hapo hapo, wanakuja." Akafumba macho. "Vaa sweta. Mahabusu kuna baridi."