Betri Tupu ya Bi Zerfa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Arris, na Belkacem anasubiri gundi ikauke, Bi Zerfa alipoingia dukani na mkate wa kesra kwenye kitambaa.

"Nitengenezee betri ya redio yangu, mwanangu. Ile ya zamani imeliwa na panya. Lakini ndani usitie kitu."

"Betri tupu, nana? Redio italiaje?"

"Nimesema usitie kitu."

Kazi ya Belkacem ilikuwa hiyo: kufufua redio za mababu na kuziundia betri zinazofanana na zile kubwa za zamani, ambazo hakuna kiwanda kinachozitoa tena. Nje boksi la kadibodi lenye nembo na rangi zilezile, ndani betri ndogondogo za siku hizi, zimeunganishwa kwa waya. Fundi wa namna hiyo haumwi na kitu kama redio bubu. Tena bibi alimtia huruma. Arris nzima iliijua habari yake: wakati wa vita vya uhuru, askari wa mkoloni walipokataza betri kuuzwa, mumewe Lakhdar alitoka jioni kumtafutia moja, ili naye asikie habari za vita kama wenzake. Hakurudi. Tangu hapo Bi Zerfa hakufunga mlango wake jioni.

Basi Belkacem akalijaza boksi kimyakimya, na kesho yake mchana akampelekea. Zawadi yake kwa bibi, alijiambia.

Magharibi ya siku iliyofuata Bi Zerfa alirudi, redio kifuani, miguu mitupu.

"Ulitia nini humu?" alinong'ona.

"Betri, nana. Nilitaka ufurahi..."

"Kila magharibi nilikuwa naiwasha na betri yake iliyokufa. Na kila magharibi Lakhdar ananiambia, 'Zerfa, usifunge mlango. Bado natafuta betri.' Hayo tu. Yalinitosha, mwanangu. Nilikuwa napakua chakula cha wawili."

Belkacem alitaka kucheka. Badala yake akaiweka bisibisi chini.

"Jana ikapiga muziki. Mara nikasikia viatu kwenye kokoto... kra... kra... mpaka kizingitini. Na harufu ya sufu iliyolowa, wakati mvua hatujaiona mwezi mzima. Nikasema, ingia, bwana wangu. Akasema..."

Bibi akafumba macho.

"Akasema, 'Nasikia redio inalia. Basi kuna aliyekwisha kukuletea betri.' Akageuka, akaenda zake."

Belkacem alizing'oa betri zote, akarudisha boksi tupu mahali pake, akawasha. Wakainamisha vichwa.

Kimya.

Bi Zerfa alisikiliza mpaka ikaadhiniwa isha. Kisha akaifunika redio kwa mtandio wake, akamwachia.

"Nakwenda kufunga mlango," alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Belkacem. Heri angemtukana.

Asubuhi majirani waliuvunja mlango uliofungwa kwa komeo. Bibi alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, amekwisha kuwa baridi. Alasiri wakamzika.

Belkacem hakuweza kwenda nyumbani. Alikaa dukani, machozi yakimtiririka, akiitazama ile redio chini ya mtandio. Nje giza likaanza kuingia.

Harufu ilitangulia. Sufu iliyolowa...

Kra.

Kra.

Viatu vikasimama nyuma ya mlango wa duka. Halafu sauti, ya kijana, ya mtu aliyetembea sana.

"Salamu alaikum, fundi. Mke wangu amefunga mlango."

Belkacem akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Ni wewe uliyempelekea betri?"

"Ni mimi," alinong'ona. "Nisamehe..."

Maji yalikuwa yakipenya chini ya mlango, polepole, na nje ardhi ilikuwa kavu.

"Hapana neno," sauti ikasema kwa upole. "Muhimu kaipata. Nambie tu, fundi... alifurahi?"

Belkacem akaukumbatia mtandio wa bibi.

Na yule nje hakuondoka. Alikuwa amezoea kungoja.