Ufuta wa Mitole na Kesho za Rashidi

Kila alfajiri, kabla sijavaa sare, nafagia uwanja, nachota maji bombani na kumbandikia mama uji, halafu ndiyo nakimbia shuleni. Mimi ni Shamimu, wa darasa la saba. Juni ile wenzetu wote walifunga shule, lakini sisi tulibaki na masomo ya ziada mpaka jioni. Mama alikuwa amejifungua na bado yuko kwenye arobaini, kwa hiyo hatoki kwenda shamba. Baba alikuwa Mtwara kwenye kazi ya ujenzi. Shamba letu la ufuta, hapa Mitole, likabaki mikononi mwa mdogo wangu Rashidi.

Hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia, na sitazificha.

Rashidi ana miaka kumi na miwili. Mwaka jana alitoka jando, na huku kwetu mtoto akitoka jando hupewa jina jipya. Jina la utoto linaachwa hukohuko, na ukimwita kwa jina lile umemtukana mbele ya watu. Zamani yeye aliitwa Hussen. Siku aliyotoka, kanzu mpya mwilini, alikuja mbele ya mama akasema mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, "Mama, mimi sasa ni mtu mzima. Uvivu nimeuacha jandoni." Mama akafuta machozi ya furaha. Na mimi nilimwamini, ndicho kinachoniuma.

Ufuta ule ulikuwa wangu kwa maana moja. Baba alikuwa amesema wazi kwamba ukiuzwa, ndio utakaoninunulia godoro, sanduku na sare za sekondari nikifaulu, maana shule yenyewe ni ya bweni. Ufuta ukipotea, nafasi yangu nayo ingekuwa mashakani. Na ufuta haubembelezwi. Majani yakianza kuwa manjano unaukata, unaufunga mafungu na kuyasimamisha yakauke. Ukichelewa, maganda yanapasuka yenyewe, mbegu zinamwagika chini, na hakuna mtu wa kuokota mbegu za ufuta kwenye mchanga.

"Umeanza kukata?" nilimuuliza jioni moja.

"Kesho," akasema. "Leo nanoa panga."

Kweli alikuwa ananoa. Alinoa jana yake na alinoa siku iliyofuata. Nikimuuliza tena, kesho. Alikuwa na mipango, huyo. Ataamka kabla ya adhana, atakata upande wa mto kwanza, mwakani atalima shamba lake mwenyewe. Alivyokuwa anaongea, ungedhani magunia yameshajaa ndani.

Alhamisi moja tuliruhusiwa mapema. Njiani nikakutana na Bi Kadija, ambaye shamba lake limepakana na letu.

"Shikamoo, Bi Kadija."

"Marahaba, mwanangu. Ninyi vipi? Ufuta wenu unamwagika, mbona hamkati?"

Sikumaliza hata kuagana naye vizuri. Nilikimbia mpaka shambani na madaftari mkononi. Mistari ya kando ya barabara ilikuwa imekauka yote, maganda yamefunguka midomo, na chini mchanga umejaa mbegu. Nilishika shina moja, likanimwagikia miguuni. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto.

Nilijua pa kumpata Rashidi. Alikuwa kwenye kibanda cha video, amekaa benchi la mbele na wenzake, anawaeleza namna mwanaume anavyotunza nyumba baba akisafiri. Nilisimama mlangoni.

"Wewe Hussen," nikasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "toka nje ukaone ulichokifanya."

Rashidi aliinuka, akaja, akanizaba kofi. Nikamrudishia. Tungeumizana kama Bi Kadija, aliyekuwa amenifuata nyuma, asingetutenganisha. Alitushika mikono, mmoja huku na mwingine huku, akatupeleka nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mtoto mapajani. Alisikiliza habari yote kutoka kwa Bi Kadija bila kukatiza. Mama yangu akikasirika hapandishi sauti, anaishusha.

"Shamimu," akasema, "jina lile halitamkwi katika nyumba yangu. Muombe radhi mdogo wako."

"Mama, ufuta wangu wote uko chini..."

"Ufuta nimeusikia. Muombe radhi."

"Nisamehe," nikasema, bila kumtazama. Sikuwa nimemsamehe yeye hata kidogo.

Mama akamgeukia Rashidi. "Na wewe uliyempiga dada yako, niambie. Ufuta hukuukata kwa nini?"

Rashidi aliangalia mkeka. Nilingoja uongo, kwamba aliumwa, kwamba panga halikuwa kali. Hakusema hivyo.

"Nilikwenda, mama. Siku ya kwanza kabisa nilikwenda. Nilikata mashina machache, mbegu zote zikamwagika. Nikaogopa nitaumaliza wote, nikarudi. Mwaka jana mlipokuwa mnavuna mimi nilikuwa jandoni, na zamani kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege tu. Sijui mnavyokata."

"Ulikata saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana, ufuta umekauka kwa jua," alisema mama. "Ufuta unakatwa asubuhi na mapema, una umande, na shina halitikiswi. Mtoto yeyote wa hapa angekwambia. Kwa nini hukuuliza?"

"Nimuulize nani?" Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Waliobaki hapa ni wewe na Shamimu. Nimeshasema mimi ni mtu mzima, halafu nije kuwauliza wanawake namna ya kushika panga?"

Nilitamani kumrushia sufuria. Uvivu ningeuelewa, hata mimi nausikia kila alfajiri. Lakini shamba zima limwagike kwa sababu bwana mkubwa anaona aibu kuuliza?

"Basi kesho alfajiri naanza," akasema. "Wallahi mama, kesho..."

"Usiape," mama alimkata. "Hiyo kesho yako imenichosha. Jua bado lipo na jioni imeshapoa. Chukua panga na turubai uende sasa hivi. Na kwa kuwa hujui, muombe dada yako akuonyeshe. Muombe hapahapa, nikisikia."

Bi Kadija akajifanya anamtazama mtoto. Mwishowe Rashidi akanigeukia, na uso wenyewe ulikuwa umevimba kwa hasira kama wangu.

"Dada, nionyeshe."

Nilitaka kukataa. Nikachukua turubai.

Tukaenda shambani. Nilitandika turubai chini ya mashina, nikamwonyesha pa kushika na pa kukata, na namna ya kulilaza shina taratibu bila kulitingisha. Mara ya kwanza alilikung'uta, nikamfokea. Mara ya pili mbegu chache zilidondoka, lakini zilidondokea turubaini. Giza lilipoingia tulikuwa na fungu moja tu, dogo, limesimama peke yake katikati ya shamba.

Alfajiri yake aliniamsha yeye. Tulikata mpaka nilipokwenda shule, na niliporudi jioni nikakuta mafungu yamesimama mstari mzima, mengine yamefungwa ovyo lakini yamesimama. Bi Kadija naye alikuja na wanawe kutusaidia. Rashidi aliuliza kila kitu. Aliwauliza hata watoto wadogo kuliko yeye, masikio yamemwiva kwa aibu, na aliendelea kukata.

Mistari ya kando ya barabara haikutupa kitu. Ufuta uliobaki ulipouzwa, baba alirudi kutoka Mtwara akanunua godoro na sare, sanduku likakosekana. Nikifaulu nitakwenda bweni na begi la nailoni, lile la shangazi kaja, na kila nikilifikiria hilo hasira zinanipanda upya.

Jioni ya siku ile ya kuuza, Rashidi alikaa karibu na mama, amechangamka. "Mama, safari hii nimejifunza. Mwakani utaniona. Nitaamka..."

"Mwakani usinipe, baba," mama akasema, na sauti ameishusha tena. "Ulitoka jandoni ukataka kuwa mtu mwingine, na ulitaka kwa moyo wote, mimi niliona. Lakini kutaka hakujakata hata shina moja. Ulidhani kusema kumetosha, na dada yako amekosa sanduku. Mtu anabadilika pale anapoanza kufanya, hata akianza vibaya, hata ikimbidi aulize na kuchekwa. Kwa hiyo usiniambie utakuwaje. Panya wametoboa gunia la mahindi, na sindano ile pale dirishani."

Rashidi akaifuata sindano. Alipitisha uzi, akaligeuza gunia huku, akaligeuza kule, halafu akaniangalia.

"Dada," akasema, "hapa naanzia wapi?"

Hasira ya sanduku langu nilikuwa nayo bado. Nikasogea, nikamwonyesha.