Masizi Usoni mwa Bilguun

Picha ya Bilguun ilikuwa ya uongo, na aliyempaka masizi kabla haijapigwa alikuwa dada yake mwenyewe.

Ilibandikwa kila mahali katika mtaa wa ger, mahema ya duara ya Kimongolia, ulio juu ya kilima, kaskazini mwa Ulaanbaatar: kwenye ukuta wa zahanati, kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, kwenye kibanda cha maji. Mtoto wa miaka minne, uso mweusi kuanzia paji la uso hadi kidevu, macho yake yakimtazama kila apitaye. Chini yake kulikuwa na maandishi makubwa: MOSHI WA MAKAA UNAWAFANYA WATOTO WETU HIVI. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, lilikuwepo jina la chama cha wanafunzi wa udaktari.

Dada yake, Maralmaa, alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi kabla ya shule alisukuma mkokoteni wenye madumu hadi kibanda cha maji, na kila asubuhi uso wa mdogo wake ulikuwa pale ukimngoja.

"Hebu niambie," alisema Tsetsgee, mwanamke aliyeuza maji, huku akitumbukiza bomba ndani ya dumu. "Baba yako anachoma nini mle ndani? Matairi?"

"Tunachoma makaa ya kubanwa, kama nyinyi."

"Kama sisi? Mbona wetu hawatoki weusi kama sufuria?"

Watu kwenye foleni walicheka. Tsetsgee akainama dirishani, akashusha sauti, ingawa kila mtu alimsikia. "Au mmelipwa? Sema tu, mwanangu. Na mimi nina wajukuu. Nawapaka sasa hivi."

Maralmaa alifunga dumu, akageuza mkokoteni. Alikuwa na jibu, lakini halikuwa jibu la kutoa kwenye foleni.

Mambo yalianza mwezi uliotangulia. Siku hiyo sauti ilipaa nje ya uzio, "Shikeni mbwa!" kama wageni wote wanavyoita, ingawa mbwa wao alikufa tangu kiangazi. Baba yake, Gantulga, fundi wa malori, alitoa kichwa mlangoni.

"Mbwa hayupo. Nyinyi ni nani?"

"Wanafunzi wa udaktari, mzee," alijibu msichana mrefu aliyevaa koti jeupe juu ya koti la baridi. Jina lake lilikuwa Khulan. Kijana aliyefuatana naye aliitwa Tuguldur.

"Uchaguzi umekaribia?"

"Hatuhusiki na uchaguzi."

"Mnauza makaa?"

"Hapana, mzee."

"Basi mnataka nini? Hakuna mtu anayepanda kilima hiki kwenye baridi hii bila kutaka kitu."

Khulan alicheka. "Kweli tunataka kitu. Tunataka kusikiliza vifua vya watoto. Halafu tutakwenda kwa wakubwa wa jiji kuwaambia tulichosikia, ili chekechea ya hapa ipate mashine za kusafisha hewa. Na mwezi wa pili kuna mkutano Seoul, wa wanafunzi wa udaktari kutoka nchi nyingi. Nitasema huko pia. Moshi hauna mpaka, na sisi tumeona tusikae kimya mpaka tumalize shule."

"Maneno mazuri," alisema Gantulga. "Mwaka jana walikuja wengine na maneno mazuri. Walipiga picha, wakaondoka. Moshi wakatuachia."

Bibi, mama yake Gantulga, aliwamiminia chai ya maziwa yenye chumvi, maana hakuna aliyewahi kutoka kwenye ger ile bila chai, hata aliyeshukiwa. Wakanywa. Khulan alimsikiliza Bilguun kifua, akaandika, akashukuru, wakaenda zao. Gantulga alisimama mlangoni akiwatazama hadi waliposhuka kilima.

Siku chache baadaye Tuguldur alirudi peke yake. Gantulga alikuwa kazini. Giza lilikuwa linaingia, na Bibi alikuwa akimwandaa Bilguun waende kwa shangazi, nyumba ya tatu. Maralmaa alimletea Bibi kijiko chenye masizi ya jiko, kazi iliyokuwa yake tangu magoti ya Bibi yalipoanza kuuma. Bibi alichovya kidole, akaweka alama ndogo juu ya pua ya mtoto.

"Wewe si mtoto," alimnong'oneza. "Wewe ni sungura. Vitu vibaya vikikuona vipite, vitafute kingine."

"Mimi sungura!" alisema Bilguun, akaruka nje.

Tuguldur aliinua simu yake ampige picha, kisha akaishusha. "Alama haionekani. Maralmaa, mpake na mashavuni."

"Hayo ni mambo ya Bibi, kaka. Hatuchezei."

"Kidogo tu. Sikiliza, wakubwa na wageni wanaona picha elfu kwa siku. Mtoto msafi hawamtazami mara mbili. Unataka mashine ziende wapi? Kwa Bilguun au mtaa mwingine?"

Maralmaa alisikia mdogo wake akikohoa, kikohozi kilekile cha kila baridi, kikavu kama mtu anayepasua kuni. Aliingia ndani. Bibi alikuwa ameinama akivaa viatu. Maralmaa alichota masizi kijiko kizima, akatoka, akampaka.

"Mimi sungura mkubwa!" Bilguun alicheka. Tuguldur alimwambia asicheke. Alipoacha kucheka, picha ikapigwa. Maralmaa akamwosha kwa theluji kabla Bibi hajatoka.

Wiki iliyofuata wakaguzi wa makaa walifika. Makaa ghafi, yale yenye moshi mweusi, yamepigwa marufuku jijini, na nani mtaani alikuwa hajaiona picha ile? Walifungua jiko, wakamwaga magunia, wakavunja makaa kwa nyundo. Hawakukuta kitu. Wakaja tena. Gantulga aliamini jirani yake Dorligjav ndiye aliyewaita, akaacha kumsalimu. Dorligjav naye aliamini Gantulga amekula fedha za wageni, akaziba tundu la uzio ambalo watoto wao walipitia kwenda kucheza.

"Wamemchora kwa kompyuta," Gantulga aliiambia familia yake. "Hawa watoto wa matajiri. Wamechukua uso wa mwanangu wakaufanya uchafu. Wakikanyaga tena hapa, nitanunua mbwa."

Maralmaa alinywa chai yake. Macho ya Bibi hayakuwa mazuri na baridi ilikuwa kali, hakuwahi kufika kwenye kibanda cha maji kuiona picha. Lakini siku ile alimtazama Maralmaa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Halafu Bilguun akaugua. Kikohozi kilibadilika, kikawa chepesi na cha mfululizo. Aliacha kula buuz, maandazi ya nyama yanayopikwa kwa mvuke, hata zile ndogo ambazo Bibi alimpikia peke yake. Siku ya pili, mchana, sauti ikaita nje, "Shikeni mbwa!"

Alikuwa Khulan, peke yake. Chekechea ilimwambia Bilguun haonekani.

"Rudi ulikotoka," alisema Gantulga.

"Mzee, nimwone tu."

"Umeshamwona. Jiji zima limemwona."

Lakini Bibi alikuwa ameshausogeza mlango. Khulan aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akafunua shati la mtoto. Hakutumia hata kifaa chake kwanza. Alitazama tu. Ngozi kati ya mbavu ilikuwa ikizama ndani kila alipovuta pumzi, na pumzi zilikimbia.

"Mpelekeni hospitali leo," alisema. "Si kesho. Hii inaonekana kuwa nimonia. Mimi bado mwanafunzi, siwezi kumtibu, lakini hili nalijua."

"Unalijua." Gantulga alikunja mikono. "Uso wake mliujua pia, siyo? Mlisema moshi umempaka masizi mpaka masikioni. Mwanangu hajawahi kuwa hivyo hata siku moja. Mlidanganya pale, kwa nini nisiseme mnadanganya na hapa? Labda mnataka picha nyingine. Mtoto kitandani hospitalini, itawaliza wageni vizuri."

"Mzee, ile picha—"

"Ana mafua. Kila baridi ana mafua. Chai yako ndiyo ile, kunywa uende."

Maralmaa alimwona Khulan akitafuta neno ambalo baba yake angeliamini, na akaona kwamba halipo. Aliyelimaliza neno hilo alikuwa Maralmaa mwenyewe, kwa kijiko cha masizi.

"Baba," alisema. "Ni mimi niliyempaka."

Gantulga alimgeukia. Makaa yalipasuka jikoni.

"Si kompyuta. Ni mimi. Kaka Tuguldur aliniambia nimpake ionekane, nikachota masizi. Dada Khulan hakuwepo. Picha ni ya uongo, lakini anachosema dada kuhusu kifua si uongo. Mwangalie mbavu, Baba. Tafadhali mwangalie."

Gantulga alimtazama bintiye kama mtu asiyemfahamu. Kisha akasogea kitandani, akainama, akatazama mbavu za mwanawe kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alitazama pumzi moja, ya pili, ya tatu. Akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Leteni blanketi," alisema. "La manyoya. Mama, funga jiko."

Walipokuwa wakimfunga Bilguun, Bibi alimshika Maralmaa mkono.

"Nilimpaka ili asionekane," alisema polepole. "Wewe ukampaka ili dunia nzima imwone."

Maralmaa alitamani Bibi angempiga tu.

Gantulga alikwenda moja kwa moja kwenye uzio, akagonga kwa ngumi. "Dorligjav! Washa gari lako. Mtoto hapumui vizuri." Dorligjav alitoka akiwa na soksi tu, akaona blanketi, akawasha gari bila kuuliza lolote.

Ilikuwa nimonia, ya pande zote mbili. Daktari aliyewapokea alisema wangechelewa hadi kesho asubuhi, asingeahidi chochote. Gantulga alikaa kwenye benchi la korido, Khulan upande mmoja, Maralmaa upande mwingine.

"Tuguldur aliniambia alimkuta hivyo, akicheza karibu na jiko," alisema Khulan. "Niliiona picha nzuri mno, nikaogopa kumuuliza zaidi. Hilo ni kosa langu, mzee. Nitalisema mbele za watu."

"Nisipokusikia ukilisema, nitalisema mimi," alijibu Gantulga.

Alilisema. Kwenye mkutano wa mtaa, ukumbi ukiwa umejaa watu waliokuja kusikia nani amelipwa nini, Khulan alisimama na picha mkononi na kueleza ilivyopigwa. Maralmaa alisimama kando yake, masikio yakimwaka moto. Tuguldur alikaa nyuma, kichwa chini.

"Nilijua!" alisema Tsetsgee.

"Hukujua, ulidhani tu," mtu mmoja alimjibu, na watu wakacheka kidogo.

Mwenyekiti wa mtaa hakucheka. "Kama picha ni ya uongo, nitajuaje vipimo vyenu ni vya kweli? Mashine za mwaka huu zitakwenda mtaa mwingine. Nyie anzeni upya, tuone."

Wakaanza upya. Khulan na wenzake walipita ger kwa ger hadi majira ya kuchipua, safari hii bila kamera. Mzazi alikaa kando wakati mtoto anasikilizwa, na mzazi mwenyewe aliona karatasi ikijazwa. Waliomba kila mama barakoa aliyovaa mtoto kwa siku moja tu ya baridi. Wakazipanga mezani mwa mwenyekiti, nyeupe upande wa juu, za kijivu pale mdomo ulipogusa. Hakuna aliyeuliza nani amezipaka. Kila mtu alikuwa na yake nyumbani. Vuli iliyofuata chekechea ilipata mashine, na Gantulga ndiye aliyezifunga ukutani, bure, akilalamika kwamba skrubu ni mbovu.

Siku hiyo, akishuka ngazini, alimwita Maralmaa.

"Najua kwa nini ulifanya. Ulimtakia mema. Lakini nisikilize vizuri, sitarudia. Mdogo wako alikuwa anakohoa. Kukohoa kwake kulitosha. Ungesema hilo tu, kama lilivyo, kila siku, kwa kila mtu, mpaka wasikie. Ukweli wetu ulikuwa mbaya vya kutosha, haukuhitaji masizi. Ulipouongezea, watu wakaacha kuuamini wote, na mimi nikiwa wa kwanza. Karibu nimwache mwanangu afe kwa sababu hiyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Haya. Shika ngazi."

Kijiko kile cha masizi kiligharimu hivi. Bilguun alilazwa siku kumi na moja, na mpaka leo akikimbia husimama katikati ya njia kutafuta pumzi. Khulan aliwaandikia watu wa Seoul kwamba picha ile ifutwe, nao wakampa nafasi yake mwanafunzi wa nchi nyingine. Tuguldur aliondolewa kwenye chama. Watoto wote wa chekechea walivuta moshi msimu mzima wa baridi, wakati wangeweza kuvuta hewa safi. Na jioni giza linapoingia na Bilguun anataka kutoka, Bibi hamtumi tena Maralmaa. Huinuka mwenyewe, magoti yakimuuma, akaenda jikoni kuchota masizi kwa mkono wake.